Nisubiri Kwa Nje

Mwaka ule hukuweza kununua hata msumari mmoja pale Cutter Springs bila kunisikia nikiimba, na hakuna aliyejua kwamba ni mimi.

Santuri ya ile sinema ilikuwa kila mahali. Ilipigwa kwa kinyozi, ilipigwa duka la chakula cha mifugo, ilipigwa kwenye magari ya vijana walioegesha mbele ya duka la aiskrimu. Sinema yenyewe, *Unga wa Mahindi Sakafuni*, wengi wetu tuliitazama mara moja tu, tena kwa kuwatafuta majirani zetu waliopigwa picha wakicheza dansi nyuma ya mastaa. Lakini santuri! Nyimbo kumi na moja, na ile ya kumi na moja, valsi ya kucheza wawili wawili inayofunga upande wa pili, "Nisubiri Kwa Nje," iliwaliza watu kutoka Texas mpaka Kanada.

Nyuma ya jalada wameandika majina ya wote. Wa fidla yupo, wa ngoma yupo, hata aliyechemsha kahawa yupo. *Weldon Hruska, gitaa la meza.* Halafu chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani: *sauti ya pili, rafiki wa familia.* Rafiki huyo ni mimi, Nelda Faye Tidwell, muuza vitambaa, binti wa mwongoza nyimbo wa kanisa lisilotaka kinanda.

Ijumaa hiyo ya Julai nilikuwa napima kitambaa cha Bi Stovall. Upande wa pili wa duka, binamu yangu Ardith, anayeuza santuri, akaiweka tena sindano juu ya ile ile.

"Ardith, zima hicho kitu."

"Nizime? Wateja wanaitaka. Mbona ikifika valsi tu wewe unakimbilia stoo?"

"Kichwa kinaniuma."

"Kichwa! Miezi kumi na moja sasa kichwa kinakuuma." Akaja akaegemea meza yangu, macho yake yananicheka. "Haya, nikupe dawa yake. Amerudi."

Mkasi ukasimama. "Nani?"

"Nani, anauliza. Papa wa Roma! Weldon, mwenzangu. Nimemwona kwa macho yangu anashusha gitaa mbele ya ukumbi wa dansi wa kwao. Amekonda, maskini. Kesho jioni bendi inapiga hapa, Jumapili saa nane basi linaondoka kwenda Nashville. Wanarekodi santuri ya pili, na safari hii wanahamia huko huko."

"Sasa mimi inanihusu nini?"

"Haikuhusu. Ndiyo maana kitambaa cha Bi Stovall umekikata upogo."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimekikata upogo kweli. Na hapo hapo, kwenye santuri, ikafika ile sehemu ninayovuta pumzi kabla ya mstari wa mwisho, na gitaa la Weldon likaningoja, likaninyanyukia taratibu nilipoingia. *Kama mlango ni mdogo, mpenzi, nisubiri kwa nje.* Nikakimbilia stoo. Nililia kwenye marobota ya pamba mpaka pua ikaziba.

"Mapenzi ni kikohozi, Nelda!" Ardith akanipigia kelele. "Utakohoa tu!"

Nieleze tulifikaje hapo, maana mtu wa mbali atasema huyu msichana ana kichaa.

Babu yangu alitoka kanisani siku kinanda kilipoingizwa. Alisimama katikati ya ibada, akamshika bibi mkono, wakatoka, na nusu ya waumini wakawafuata wakajenga la kwao ng'ambo ya reli. Tangu siku hiyo koo la Tidwell halijasindikizwa na kifaa chochote. Tunaimba kwa koo tupu, sauti nne, kutoka kwenye vitabu vyenye noti za maumbo, pembetatu na miraba. Baba yangu, Otis Tidwell, ndiye anayesimama mbele. Anapuliza kifilimbi chake mara moja, anatupa noti, anainua mkono. Noti akishaitoa haishushi kwa ajili ya mtu. Siku moja mhubiri mgeni alikwama juu huko, akamtazama Baba kwa huruma, Baba akamwonyesha dari kwa kidole: panda.

Sasa chukua mtu huyo umletee Weldon. Mkatoliki, ukoo wa Wacheki, familia yenye ukumbi wa dansi na bia, na mwenyewe anapiga gitaa lile la kulazwa mezani, linalolia kwa kipande cha chuma na pedali za miguuni. Miaka miwili Weldon alikuwa akija kila Jumapili, anaegesha gari chini ya dirisha la kanisa letu, anazima injini, ananingoja nitoke. Hakuingia hata siku moja. Watu walikuwa wakipita wanamsalimu kama wanavyosalimu nguzo ya simu.

Watu wa sinema walipokuja kupiga picha kwenye ukumbi wa akina Hruska, wakakosa sauti ya pili ya kike kwa ile valsi. Weldon akawaambia namjua mtu. Nilikataa wiki nzima. Halafu nikajitungia ujanja ambao ni Tidwell tu angeutunga: nikasema nitaimba, lakini chumbani pasiwe na kifaa hata kimoja, wala nisisikilizishwe chochote masikioni, na jina langu lisiandikwe. Nikakopa noti kwenye kifilimbi, nikajipigia mapigo kwa mkono kama Baba, nikaimba peke yangu katikati ya ukumbi mtupu. Bwana Lasker, mtayarishaji, aliuma midomo asinicheke. Wapigaji walipachika vyombo baadaye mimi nikiwa nyumbani namenya viazi. Nikajiambia sikuvunja neno.

Kwa hiyo dunia nzima inatusikia mimi na Weldon tumekumbatiana kwenye valsi ile, na hatujawahi kuipiga pamoja chumba kimoja. Hata mara moja.

Mwezi wa Agosti Weldon akaja kuniposa. Alikaa kibarazani kwetu, kofia magotini, akamwambia Baba anataka kunioa. Baba akamtazama weee, kisha akasema, "Mkwe wangu ataingia kanisani bila mtambo wake, na ataimba wimbo mmoja kwa koo lake, mwanzo hadi mwisho. Hapo tutaongea." Weldon akacheka. Baba naye akacheka. Mimi sikucheka. Kesho yake santuri ikatoka, bendi ikaitwa barabarani, na Weldon akawasha gari.

Jumamosi, saa sita na nusu, nilimwona kupitia kioo cha duka. Ameegemea gari lile lile, kofia mkononi. Nje, kama kawaida yake. Nikachukua ufagio nikatoka kufagia kibaraza ambacho nilishakifagia mara mbili.

"Nelda."

"Weldon. Umekonda."

"Wewe hujabadilika."

"Nimebadilika sana. Ila ulikuwa hupo kuona."

Nilikuwa nimejiapiza nisimtazame usoni, lakini macho yangu hayana adabu. Yalianza kwenye viatu, yakapanda. Ile mikono. Jamani, ile mikono, yenye alama ya chuma kwenye kidole gumba. Akaninyooshea mfuko wa karatasi.

"Bibi amekutumia kolache, vile vimkate vyake vitamu. Za aprikoti. Amesema kama mimi hunitaki, basi angalau ule."

"Mwambie bibi asante. Kwake sina ugomvi."

"Kwangu unao?"

"Barua tatu, Weldon. Miezi kumi na moja, barua tatu, na moja yake ilikuwa picha ya mto."

"Niliandika arobaini."

"Zimeliwa na nani?"

"Ziko kwenye sanduku la gitaa. Kila nikisoma naona ni upuuzi, nachana bahasha." Akaichezea kofia. "Nelda, unajua nilivyoipiga valsi yetu?"

Nilishika ufagio kwa mikono miwili.

"Walinifungia chumba, wakanivika vile vya masikioni. Ndani hamna kitu. Hamna fidla, hamna ngoma. Wewe tu na pumzi zako. Lasker akasema, haya, piga. Nilikaa dakika kumi sijagusa waya hata mmoja, naogopa nitakukanyaga. Sasa tumepiga miji arobaini na sita. Kila mji anasimama dada mwingine kuimba sehemu yako. Wazuri, sikatai. Lakini nikifika pale unapovuta pumzi, mimi nangoja, na yule mwenzangu havuti. Nabaki mkono hewani kama mjinga mbele ya watu elfu tatu."

"Usiniambie mambo hayo barabarani."

"Nikuambie wapi? Njoo kesho. Tufunge ndoa hata njiani, kwa hakimu wa kwanza tutakayemkuta. Lasker amesema ukija, jina lako litaandikwa kubwa kuliko langu."

Nani asiyetaka? Nilitaka kuutupa ufagio nipande lile gari na aproni yangu. Lakini nikamwona Baba mbele ya waumini, Jumapili, akiinua mkono, na kiti changu kitupu.

"Bila baraka ya Baba siendi."

"Baba yako alishanijibu."

"Alikuambia uingie uimbe."

"Alinikejeli, Nelda!"

"Na wewe ukacheka! Ungekasirika. Ungegomba. Ungesema nipe wiki mbili nijifunze. Ulicheka ukawasha gari."

"Umewahi kunisikia nikiimba?"

"Nimekusikia."

"Basi unajua."

"Najua. Ndama aliyenasa kwenye seng'enge ana nafuu."

Tukacheka wote wawili. Tulicheka vile tulivyokuwa tukicheka zamani, mpaka akashika ubavu, halafu kicheko kikaisha na tukabaki tunatazamana. Alinyoosha kidole akagusa pindo la mkono wa gauni langu, kitambaa tu, hakugusa ngozi. Mwili mzima ukanisisimka.

"Kwa hiyo unanifukuza," akasema polepole.

"Sikufukuzi. Ila kwetu sitoki dirishani kama mwizi. Nitatoka mlangoni au sitoki."

"Na mimi miaka miwili nilikuwa nje ya mlango huo huo."

"Nani alikukataza kuingia?"

Nilitamani nilimeze neno lile, lakini lilishatoka. Weldon akavaa kofia yake. Uso umemwiva.

"Saa nane," akasema. "Basi linaondokea ukumbini."

Akaondoka. Nikasimama na ufagio na mfuko wa kolache, na Ardith, ambaye alikuwa ameganda nyuma ya kioo kama bango, akafungua mlango akasema, "We msichana una roho ngumu. Hebu nipe moja ya aprikoti."

Jioni jua bado likiwaka, nilimkuta Baba kibarazani anamenya kunde kwenye beseni. Mama alikuwa ndani anakaanga. Nikakaa ngazini, nikachota kunde zangu kwenye aproni. Kutoka upande wa ukumbi wa akina Hruska upepo ulikuwa unaleta vipande vya muziki, fidla kidogo, ngoma kidogo. Gitaa la meza halikufika kwetu.

"Amerudi yule kijana," Baba akasema.

"Nimesikia."

"Umesikia au umemwona?"

"Nimemwona."

Akamenya ganda moja, akamenya la pili. "Hujajiuliza kwa nini siku hizi nanyolewa kila Ijumaa?"

Nikageuka. Nilikuwa nimejiuliza sana, na kila Ijumaa moyo ulinienda mbio, maana kinyozi naye anayo ile santuri.

"Nywele zenyewe anazo ngapi?" Mama akadakia kutoka jikoni.

"Nilikujua siku ya kwanza," Baba akasema. "Ulidhani sitakujua? Nani alikufundisha kuvuta pumzi kabla ya neno, si katikati yake?"

Beseni lilianza kucheza machoni mwangu. "Umekasirika, Baba?"

"Nilikasirika Septemba yote. Oktoba nikarudi kusikiliza nilichokikasirikia."

"Chumbani hamkuwa na kifaa. Nakuapia. Niliimba peke yangu."

"Wakakitia baadaye. Sasa ulimdanganya nani, mimi au Mungu?"

"Nilijidanganya mwenyewe."

"Eeh. Hapo umesema." Akatikisa beseni kunde zikae sawa. "Kilichoniuma si gitaa, mwanangu. Kilichoniuma ni *rafiki wa familia*. Familia ipi? Wewe huna jina? Mimi sikukupa jina?"

Nililia wazi wazi, na aproni yangu imejaa kunde, hata mkono wa kujifutia sikuwa nao. Baba hakunibembeleza. Hajui kubembeleza. Alinisogezea leso yake kwa ncha ya kiatu mpaka ikanifikia.

"Baba, na Weldon?"

"Kwenye ile santuri anajua kukungoja. Hakukanyagi hata mara moja, nimesikiliza vizuri. Lakini neno langu la mwaka jana liko pale pale."

"Ulicheka ulipolisema."

"Nilicheka kwa sababu yeye alianza. Mimi neno langu halikuwa mzaha."

"Hawezi kuimba, Baba! Unajua hawezi!"

"Ndugu Harlan hawezi tangu mwaka arobaini na sita, na kila Jumapili yupo."

Nikaingia ndani nikaiendea simu. Nikazungusha namba za akina Hruska, zote isipokuwa ya mwisho. Nimwambie nini? Njoo kesho uchekwe kwa ajili yangu? Nimeshamsema vya kutosha barabarani. Kama ni kuja, aje kwa miguu yake. Nikaweka simu chini, na Mama akanipa sahani niandae meza.

Jumapili nilivaa gauni la kijani. Nilikaa kwenye benchi letu, la pili kutoka mbele, kati ya Mama na ukuta, karibu na dirisha. Niliahidi sitatazama nje, nikatazama. Hapakuwa na gari. Mwaka mzima hapakuwa na gari, lakini siku hiyo pale mahali patupu palinikata maini. Kumbe ndivyo kunavyoisha, nikasema moyoni. Saa nane basi litaondoka, na mimi nitazeeka nikinunua misumari huku nikijisikiliza.

Mhubiri alikuwa ameshaanza mahubiri mlango uliposukumwa nyuma. Sikugeuka. Kwetu hatugeuki. Lakini niliona shingo za watu zinakakamaa, na Mama akanibana paja kwa vidole viwili.

"Usitazame," akanong'ona. "Ni yeye. Amevaa tai."

Aliketi benchi la nyuma kabisa, peke yake. Mahubiri yaliendelea, sijui yalihusu nini. Mwishoni Baba akasimama. Wimbo wa kufungia kwetu ni mmoja, mia mbili na kumi na nne, na tunaimba ubeti wa kwanza, wa pili na wa mwisho. Wa tatu hatuuimbi. Hakuna anayekumbuka kwa nini, labda kwa sababu unapanda sana, labda watu wana njaa. Baba akatazama moja kwa moja nyuma.

"Mia mbili na kumi na nne," akasema. "Beti zote."

Mnong'ono ukapita kanisani. Nikajua. Mwanzo hadi mwisho, alisema mwaka jana. Baba hakuwa amesahau.

Akapuliza kifilimbi. Akainua mkono.

Ubeti wa kwanza nilimsikia. Watu wote walimsikia, hata farasi wa jirani nadhani walimsikia. Alikuwa chini ya noti, anaifuata kwa bidii, anaigusa, anaiponyoka. Ndugu Harlan akageuka mzima mzima na uso wa furaha, maana amempata mwenzake baada ya miaka thelathini na tano. Mtu fulani upande wa kushoto akakohoa kicheko. Weldon hakunyamaza. Maji alishayavulia nguo. Ubeti wa pili akapaza zaidi.

Tukaingia wa tatu, na hapo ndipo balaa. Hakuna aliyekuwa anaujua. Sauti zikapungua, watu wanatafuta maneno kitabuni, mmoja mmoja anadondoka, na yeye akabaki wazi juu kule, peke yake, kwenye mstari unaopanda. Akapanda. Sauti ikapasuka katikati ya neno, ikakatika.

Kanisa zima likanyamaza.

Nikageuka. Mila na zife. Alikuwa amesimama na kitabu mikononi, mwekundu mpaka masikioni, na macho yake yameshaenda mlangoni. Nikauona mguu wake unasogea. Mbele, Baba alikuwa bado ameinua mkono. Hakuushusha. Hakusema imetosha, hakusema endelea.

Nikainuka.

"Nelda," Mama akanikamata gauni. "Kaa chini. Unajua maana yake."

Najua. Kwetu msichana hahami benchi la baba yake kwenda kukaa na mwanaume kanisani ila siku moja tu, na akishahama kila mtu anajua keshaolewa kilichobaki ni keki. Hakuna anayefanya hivyo kwa bahati mbaya.

"Najua, Mama."

Akaniachia.

Njia ile ya katikati nimeipita tangu utoto, lakini siku hiyo ilikuwa ndefu. Viatu vyangu vilipiga kelele kwenye mbao. Nikafika benchi la nyuma, nikasimama kando yake, bega kwa bega, nikashika nusu ya kitabu chake. Nikaona kitabu si cha kanisani. Alikinunua mwenyewe, kimechakaa kwa kubebwa, na ukurasa wa mia mbili na kumi na nne umejaa penseli, kila pembetatu na kila mraba ameuandikia namba ya waya wa gitaa lake. Lakini ni beti zile tatu tunazoimba tu. Ule wa tatu haukuwa na alama hata moja. Miaka miwili chini ya dirisha hakuwahi kuusikia.

"Ulijifunza lini?" nikanong'ona.

"Kwenye basi. Bendi nzima imenichoka."

"Mbona jana hukuniambia?"

"Ningekuambia ningepoteza ujasiri. Nelda, mimi noti za juu sizifikii. Nimejaribu miji arobaini na sita, sizifikii."

"Nyamaza. Nishikilie mimi."

Tukamtazama Baba. Watu wote walimtazama Baba. Alisimama mbele na mkono wake hewani, mzee Otis Tidwell, mtoto wa yule aliyetoka kwa ajili ya kinanda, akitutazama mimi na Mkatoliki wangu tumeshika kitabu kimoja. Kisha akaushusha mkono taratibu, akatia mfukoni, akatoa kifilimbi. Akakigeuza vidoleni, akatafuta tundu. Akapuliza.

Noti ikatoka chini. Si kidogo, bali hatua nzima chini ya ile ya mwanzo.

Nikasikia Mama, kule mbele, akisema "Otis" kwa sauti ya mtu aliyeona mto unapanda mlima.

"Ubeti wa tatu," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Tuurudie. Polepole, ndugu zangu. Kuna mgeni ameingia ndani."

Akainua mkono. Nikavuta pumzi kabla ya neno, si katikati yake, na kando yangu nikamsikia Weldon akiningoja, halafu tukaingia pamoja.